Dishi la Bupe Chini ya Mlima Livingstone

Vijana wangu mnaopanda mapaa ya watu na spana mfukoni, nina neno nanyi. Mimi ni Ambakisye, yule mliyekuwa mkimwita Fundi Dishi tangu hamjaota ndevu. Ngazi nimeiacha kwa sababu magoti yamegoma. Siku hizi nalima kokoa hapa Ipinda, Kyela, na kugombana na ngedere, na katika ugomvi huo ngedere wanaongoza. Hata hivyo haipiti wiki bila mmoja wenu kunijia akiniita tata, yaani baba: "Tata, dishi halishiki." Namuuliza, hicho unachokitafuta kiko wapi? Ananyoosha kidole juu. Juu ni pakubwa, mwanangu. Mtu aliyepotelewa na mbuzi haambiwi tu kwamba mbuzi yuko duniani.

Najua mnasema kazi hii imekwisha, watu wanatazama mpira kwenye simu. Haya, nendeni Talatala siku ya mvua mkaitazame hiyo simu inavyozungusha kiduara. Mimi nimeambiwa kazi hii imekufa mara nyingi kuliko nilivyoambiwa shikamoo, na kila nikiambiwa, kesho yake naona dishi jipya juu ya bati la mtu. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua, nanyi mtanivumilia nikiruka huku na huku. Kichwa changu hakikupangwa kwa tarehe.

Nianze na bata wa Ipyana.

Zamani madishi yalikuwa makubwa, ya bati zima, na watu waliyasimika uani, chini kabisa. Setilaiti tuliyokuwa tukiitumia ilikuwa karibu juu ya utosi wetu, imeegemea kidogo tu kaskazini, upande wa Tukuyu. Kwa hiyo dishi lilikuwa linalala chali kama sinia. Na mvua ya Kyela hamhitaji kusimuliwa. Baba mmoja akaniita, picha inakatika kila baada ya mvua. Nilipofika nikakuta bata wake wanaogelea ndani ya dishi, wametulia kabisa, mmoja amekilalia kichwa cha dishi, kile kinachonasa mawimbi, kama mto. Nikamwambia dawa yake ni kutoboa tundu dogo pale chini maji yatoke. Akanitazama kwa huruma. "Umeniuzia chombo kizima, leo unakuja kukitoboa? Na bata wangu wakanywe wapi?" Nilitoboa mwenyewe akiwa msalani, na bata wakaninunia mpaka nilipoondoka.

Tundu lile nilifundishwa na Mzee Mwaisaka, aliyenipa kazi hii. Alijifunza redio ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, kwa shemeji yake, akarudi na sanduku la bisibisi na Kiingereza cha kutosha kuwatisha wateja. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana: hakukubali ushike spana kabla hujamweleza setilaiti unayoitafuta imekaa wapi na kwa nini imekaa hapo. Nikimwambia mteja anangoja, anasema mwache angoje, dishi lililofungwa na mtu asiyejua litamfanya angoje zaidi.

Maelezo yake yalikuwa ya majaruba ya mpunga. Alisema setilaiti za televisheni hazizururi. Zimepangwa zote katika mstari mmoja, mbali sana juu ya Ikweta, na zinazunguka sawasawa na dunia inavyozunguka. Ndiyo maana ukiwa Kyela unaiona setilaiti imesimama palepale asubuhi na jioni, na dishi ukishalikaza umelikaza. Ukiishusha chini ya mstari huo itaitangulia dunia, ukiipandisha itachelewa, ukiitoa kwenye Ikweta itayumba kaskazini na kusini kila siku. Mstari ni huo mmoja kwa dunia nzima.

"Sasa chukua mfereji mmoja wa maji," alikuwa akisema, "na kila mkulima wa duniani anataka jaruba kandokando ya mfereji huo huo. Utafanyaje?" Nikamjibu wapigane. Akasema hapana, wapimiwe. Majaruba yakibanana mno maji ya jirani yanaingia kwako. Na kule juu setilaiti mbili zikikaribiana huku zinatumia masafa yale yale, dishi dogo litazisikia zote mbili kwa pamoja na halitaelewa hata moja. Kwa hiyo mataifa yamewekeana utaratibu. Nchi inaandikisha nafasi yake, inazungumza na majirani wa kushoto na kulia, na isipoitumia kwa muda waliokubaliana, inampisha mwingine.

Kampuni inayowauzia ving'amuzi, mara nyingi haina jaruba wala setilaiti. Imekodi. Inatafuta mwenye setilaiti iliyokaa mahali pazuri, inayomulika nchi inazotaka kuuza, halafu inapanga chaneli zake humo kama mpangaji anavyopanga vyombo. Ikiwezekana inachagua kituo ambacho setilaiti mbili tatu zimekaa pamoja na kugawana masafa, ili dishi lako moja livune zote. Hii ndiyo siri yote ya biashara yao: mteja asiguse dishi. Setilaiti ina mafuta yake ya kujisukuma irudi mahali pake pale jua na mwezi vinapoivutavuta. Mafuta yakikaribia kuisha, kabla haijaishiwa nguvu, inasukumwa juu zaidi, kwenye makaburi yao, na nyingine inakuja kukaa palepale ilipokuwa. Jambo hilo limefanyika juu ya vichwa vyetu nikiwa kazini, na Kyela nzima hakuna mtu aliyeacha kijiko cha wali kwa ajili yake. Madishi ni mengi kuliko setilaiti, kwa hiyo anayejua kupanga anabadilisha setilaiti moja na kuyaacha madishi yote yalivyo.

Kumbukeni hilo, maana ninaelekea kwenye siku ambayo setilaiti ilizeeka na nyingine haikuletwa palepale.

Lakini kwanza jua. Vijana, hamlitazami jua. Mna vipimo vinavyolia kama vifaranga na programu za simu zenye mishale, na jua mmelisahau, wakati ndilo linalopita njia ya setilaiti bure. Mara mbili kwa mwaka, baada ya katikati ya Septemba na tena Machi inapokaribia kuisha, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti yako. Dakika chache tu, siku chache mfululizo, kelele za jua zinaimeza sauti ya setilaiti na picha inakatika, huku mbingu ni nyeupe na hakuna hata wingu. Mara ya kwanza kunipata ilikuwa Kyela mjini, kwenye ukumbi wa mpira, saa saba kasoro mchana. Watu walinigeukia wote. Mmoja akasema fundi amekula hela akafunga waya wa kamba. Mzee Mwaisaka akaniita nje, akanionyesha dishi la bati. Kivuli cha kichwa cha dishi kilikuwa kimedondoka katikati kabisa, kwenye tundu kama lile la bata.

"Unaona?" akasema. "Leo jua liko palepale ilipo setilaiti. Ukitaka kujua kama mti au paa la jirani litakuzuia, siku kama ya leo angalia jua. Penye jua, setilaiti inaonekana. Penye kivuli, usipoteze zege."

Nililisikia hilo, na nikalielewa nusu. Nusu iliyobaki ilinigharimu mfuko wa saruji, mtausikia.

Ikaja habari kwamba kampuni inahama. Setilaiti ya utosini ilikuwa imezeeka, na mwenye nayo hakutaka kuleta nyingine mahali pale. Kampuni, kwa kuwa ni mpangaji, ikapata nafasi kwenye setilaiti ya kituo kingine, mbali mashariki. Kwa muda chaneli zingerushwa kutoka setilaiti zote mbili, ile ya zamani na ile mpya, mpaka Septemba ifike mwisho. Kisha ile ya zamani ingezimwa, na dishi ambalo halijageuzwa lingebaki la kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani.

Bonde la Kyela halikunitisha. Huku ni tambarare, mashariki pako wazi. Mimi na Asajile, fundi mwenzangu tuliyefanya naye kazi mpaka tukaanza kufanana, tulizunguka kijiji kwa kijiji. Tulikuta migomba imekua mbele ya madishi, tukaomba ruhusa ya kuifyeka majani. Tulikuta mteja anayelia kwamba dishi lake sasa limeangalia chini, tunamdanganya. Hapo shikeni somo: dishi dogo la siku hizi ni mwongo. Kichwa chake kimekaa chini, kwa hiyo linaonekana linatazama migomba kumbe linatazama juu yake sana. Usilihukumu kwa uso. Na kwa sababu setilaiti ya pembeni mawimbi yake yanapita kwenye mvua nyingi zaidi kuliko ya utosini, kwa wenye uwezo tuliongeza ukubwa wa dishi.

Kilichonitisha kilikuwa kijiji kimoja cha Wakisi, mbele ya Matema, kule barabara inakoishia na mtu anaendelea kwa miguu au kwa mtumbwi. Kimebanwa kati ya ziwa na mlima Livingstone. Mlima wenyewe uko mashariki. Kwa ile setilaiti ya utosini haikuwa shida, dishi lilikuwa linachungulia juu kama kifaranga. Kwa setilaiti mpya, mlima ulikuwa umesimama mlangoni.

Dishi lile nililifunga mimi mwenyewe nyumbani kwa Bupe. Bupe alikuwa mfinyanzi kama wanawake wengine wa pale. Miguu yake ilikufa akiwa mtoto, kwa hiyo alikwenda kwa mikono, amekalia kipande cha ngozi ya ng'ombe. Hakuwa na mume wala mtoto. Kijiji kiliponunua televisheni na sola kwa pamoja, baada ya kuuza vyungu, waliviweka kwake. Bupe mwenyewe ndiye aliyewashawishi. Aliwaambia, mtapata wapi mlinzi kama mimi, mtu asiyetoka. Wakacheka, wakaona ni kweli. Tangu siku hiyo kila jioni nyumba yake ilijaa watu mpaka wengine wanakaa juu ya vinu. Jambo moja lilinishangaza kila nilipokwenda kurekebisha kitu: Bupe alikuwa anakaa amekipa kioo mgongo. Nilimwuliza siku moja kama macho yanamuuma. Akasema, "Mpira wenyewe siuelewi, fundi."

Julai tukafika, mimi na Asajile. Tukageuza dishi kuelekea mashariki, kipima mawimbi kikanyamaza kama kimefiwa. Nikampigia mhandisi wa kampuni. Alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye kujua kazi yake, na alinipa pembe zote bila kosa. Kisha akasema, "Mzee wangu, nimeangalia ramani. Hicho kijiji kiko kwenye kivuli cha mlima. Nimekitoa kwenye hesabu. Msijichoshe."

Bupe alikuwa amekaa mlangoni, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Hakungoja nimalize kukata simu.

"Fundi, ugonile," akanisalimu. "Niambie kweli. Itazima?"

"Mlima umetuzuia, dada."

"Ikizima watakwenda Matema kutazama." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya chungu. "Mimi Matema siwezi. Na hapa hawatakuja tena. Sina kitu kingine kinachowaleta."

Niliumia, siwafichi. Nikaona aibu ya mtu aliyempa mwenzake kitu kizuri halafu anasimama pale kumwambia kinachukuliwa. Nikamwambia haitazima. Asajile akanigeukia, na tulipofika njiani akaniuliza, "Umeahidi kwa mdomo wa nani?"

"Wangu."

"Basi na mlima uusogeze kwa mikono yako."

Tulilala Matema, asubuhi tukarudi. Nikakumbuka jua la Mzee Mwaisaka. Setilaiti mpya, kwa pembe alizonipa mhandisi, ilikuwa pale ambapo jua lingefika saa tatu kasoro asubuhi. Nikamwambia Asajile, kazi rahisi, tungoje saa hiyo tuone wapi pana jua. Tukangoja. Na kweli, nyuma ya nyumba ya Bupe jua likapenya kwenye pengo la mlima, likaangaza kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mkeka. Niliruka kama mtoto. Tukachimba shimo, tukasimika bomba la chuma, tukamwaga zege la saruji iliyokuja kwa mtumbwi. Tulipofunga dishi, kipima kilinyamaza vilevile. Tukahangaika nalo mpaka jioni. Jua lilikuwa limepita pale, setilaiti haikuwapo.

Bomba lile lipo hadi leo. Wanafungia mbuzi.

Nikaenda Ipyana kwa Mzee Mwaisaka, wakati huo ameshazeeka, anatembelea fimbo. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaja kumpiga mgongo. "Jua la Julai?" akasema alipopata pumzi. "Julai jua linapitia upande wa Tukuyu. Desemba linaegemea ziwani, upande wa Malawi. Mimi nilikwambia siku zile mbili za mwaka, wewe ukasikia jua tu. Siku zile jua linapita njia ya setilaiti. Siku nyingine zote linapita njia zake." Kisha akaniuliza wanazima lini. Nikamwambia mwisho wa Septemba. "Basi unayo nafasi moja," akasema. "Usiende na saruji. Nenda na macho."

Hiyo ndiyo nusu niliyokuwa sijaielewa, na sasa mnayo bure.

Septemba ilipopita katikati tukarudi. Saa tatu kasoro nilisimama katikati ya kijiji. Kivuli cha mlima kilikuwa kimefunika nyumba zote, ya Bupe ikiwa ya kwanza, maana iko karibu na jabali. Nikatembea kuelekea ziwani, kivuli kikaja nami. Nikafika kwenye ncha ya ufukwe, ule ulimi wa mchanga unaoingia majini, ndipo nikatoka kivulini. Jua lilikuwa limekaa juu ya ukingo wa mlima kama limewekwa. Vyungu vibichi vya wanawake vilikuwa vimepangwa pale pale vipate joto kabla ya kuchomwa. Nilipomwambia Bupe, hakushangaa. "Mwezi huu jua linaanza kufika kule," akasema. "Mwezi wa saba tunavipanga nyuma ya nyumba yangu." Mimi nilikuwa nimeuliza mlima, nimeuliza simu, nimeuliza Ipyana nzima, na mwenye nyumba sikumwuliza. Kuuliza si ujinga, jamani, ila uulize na aliye karibu.

Tukapeleka dishi kwenye ncha, Asajile amelishika kwa mikono. Akaanza kulalamika kwamba limeangalia mawe ya chini, hatutapata kitu. Nikamkumbusha habari ya dishi mwongo. Akalizungusha kidogo kidogo, na kipima kikalia. Kikaendelea kulia. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakasimama kututazama.

Nilidhani nimemaliza. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema mwenye haraka, akaja akaona, akafurahi sana. "Basi imekwisha," akasema. "Televisheni ihamie hapa hapa kwenye banda la usipa. Dishi liko karibu, waya mfupi. Bupe tutakuwa tunambeba."

Maneno yale yakafikishwa kwa Bupe, na mwenyekiti mwenyewe akaja kuyarudia mbele yake. Bupe alikuwa anasugua mdomo wa chungu kwa kokoto. Hakuacha kusugua.

"Mtanibeba wiki ya kwanza," akasema. "Wiki ya pili mtasema mvua."

Kila mtu pale alijijua. Mwenyekiti akatazama chini. Nikasema waya utakuja mpaka hapa. Asajile akaanza kunieleza, na alikuwa na haki: kutoka ncha mpaka kwa Bupe ni mbali, mawimbi yanachoka njiani, utahitaji busta, na hata ukiwa nayo dishi lenyewe ni dogo. Tena waya upite wapi? Katikati pana kiwanja cha kuchomea vyungu. Wanawake wanawasha moto juu ya ardhi pale, na waya wowote ungegeuka mkaa.

Bupe akaomba kipande cha waya. Akakibana kati ya vidole viwili, akakipima unene, akanirudishia. "Huu tutaufinyangia nyumba," akasema. Jioni ileile wanawake wakakaa kwake, wakaanza kufinyanga vipande vya bomba la udongo, kila kimoja mdomo wake unaingia kwenye mkia wa mwenzake. Sijawahi kuona wala kusikia fundi wa dishi aliyepitisha waya kwenye ufinyanzi. Nilikaa nikiwatazama na nikajisikia mdogo kwa namna ya kupendeza.

Lakini udongo haupelekwi mbio. Lazima ukauke, lazima uchomwe, na Septemba ilikuwa inakatika. Ukiuchoma mbichi unapasuka. Kila asubuhi Bupe aligonga vipande kwa ukucha, anasikiliza, anasema bado. Nilitamani kumgombeza. Lakini mimi ndiye niliyekwisha kumwaga zege kwa haraka kijijini kwao, sikuwa na mdomo. Walipochoma, vilitoka vyekundu na vizima isipokuwa vichache. Tukachimba mtaro, wanaume na majembe, mwenyekiti mbele yao bila shati. Waya ukapita chini ya kiwanja cha moto ndani ya nyumba yake ya udongo.

Nikawasha king'amuzi kwa Bupe. Mawimbi yakaja, ila dhaifu, picha inavunjikavunjika. Nikaweka busta, ikapata nafuu, haikupona. Asajile akaniambia taratibu, "Kaka, tumejitahidi. Dishi kubwa hatuna."

Tulikuwa nalo. Lilikuwa Ipinda, juu ya paa langu. Nilikwenda nikalifungua mwenyewe. Mke wangu alisimama uani akaniuliza sasa sisi jioni tutatazama nini. Nikamwambia tutatazamana. Akasema ananijua tayari, niende na nirudi na lingine. Nililipeleka kwa gari mpaka Matema, kisha kwa mtumbwi, nimelikumbatia kama bibi harusi, na wimbi lilipopiga nilililinda lile kuliko nilivyojilinda mimi. Tukalifunga kwenye ncha, mahali pa lile dogo.

Vijana, kampuni zitahama tena. Mafuta ya setilaiti yanakwisha, mikataba inakwisha, majaruba ya juu yanabadilishana wapangaji. Hamtaulizwa, mtapewa pembe tu. Mkiambiwa kijiji fulani kimetolewa kwenye hesabu, msimkasirikie mhandisi, yeye ameiona ramani na ramani haikumdanganya. Nendeni mkasimame pale kwa miguu yenu. Ngojeni jua lipite njia ya setilaiti. Mkikuta kivuli, sogeeni. Mkikuta kivuli tena, sogeeni tena mpaka maji yawafike magotini. Msirudi nyumbani kwa sababu ya jibu la kwanza.

Siku waliyoizima ile ya zamani nilikuwa kwa Bupe. Sikutaka kuambiwa kwa simu. Jioni ilipoingia nikawasha, nikafunga macho, na wenzangu wakanicheka kwa sababu sauti ya mtangazaji ilikuwa imekwisha kujaa nyumba. Picha ilikuwa safi kuliko ya utosini. Bupe alikuwa amekaa mahali pake, mgongo kwenye kioo, mikono juu ya magoti.

"Ndaga fijo, tata," akanishukuru. Kisha akapapasa mkeka pembeni yake. "Kaa hapa."

Nikakaa kama alivyokaa yeye. Mpira ukawa nyuma yangu. Mbele yangu palikuwa na mlango, na watu walikuwa bado wanaingia, wanavua kandambili, wanainama kumwamkia Bupe mmoja mmoja kwa jina lake. Naye alikuwa anamwitikia kila mmoja, anamwuliza mtoto ameshindaje, jino limeacha kuuma, nyavu zimepatikana. Hakumruka hata mtu mmoja.

"Umeona, fundi?" akasema bila kuutoa uso mlangoni. "Wamekuja."